Mabati Mia Tisa ya Lukresia

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa Ngorongoro bado umelalia boma la chanjo. Lukresia Qamara anamwaga mabati ya masikio juu ya gunia. Kila bati lina namba yake, kuanzia 100 hadi 999. Anayapanga, kisha anayarudisha mfukoni.

Mama huyu wa Karatu aliishia darasa la nne. Mwaka huu wa 1963 ni wa tatu kwake katika kazi ya kubana mabati masikioni mwa ng'ombe, na koleo limemwachia sugu viganjani.

Leo kuna jambo zito. Kila mfugaji atachota mabati ya ng'ombe wake bila kutazama. Ng'ombe watakaoangukiwa na namba zilizoteuliwa watazuiwa hapa wiki mbili, wapimwe damu. Ili pasiwe na upendeleo, Bwana Mifugo amewaachia wazee wachague: namba yoyote yenye saba ndani yake, au inayogawanyika kwa tisa.

Wazee wanataka saba.

"Saba naiona kwa macho," anasema mzee Lomayani. "Hiyo tisa yenu imejificha."

Mzee huyu ana ng'ombe mmoja tu anayekamuliwa, mwekundu. Mjukuu wake aliyefiwa na mama anaishi kwa maziwa hayo.

"Akizuiwa huyu, mtoto atakunywa nini? Afadhali niwarudishe wote bila chanjo."

"Baba, saba itakuumiza," anasema Lukresia. "Nimezihesabu."

"Yeyo, mama wee! Kwetu ng'ombe hawahesabiwi!" anafoka Lomayani. "Unatuitia fisi?"

"Haya ni mabati, baba. Bado hayajawa ng'ombe."

Wazee wanaangua kicheko. Lukresia anachuchumaa.

"Tuziondoe zenye saba. Mbele zinabaki tarakimu nane, maana sifuri haikai mbele. Katikati tisa, mwisho tisa. Nane mara tisa mara tisa, mia sita arobaini na nane. Hizo ndizo salama. Zenye saba ni mia mbili hamsini na mbili."

"Na tisa?"

"Jumlisha tarakimu zake. Ukipata tisa, kumi na nane au ishirini na saba, inagawanyika. Ziko mia moja tu. Moja katika kila tisa. Siwezi kukuahidi, baba, lakini tundu la kunaswa ni dogo."

Bwana Mifugo anakokotoa daftarini, anafuta, anakokotoa tena. Taratibu anavua kofia. "Ni kweli tupu," anasema.

Wazee wanageukia tisa. Zamu ya yule mwekundu inafika. Lomayani anachota, anamkabidhi Lukresia bati huku ametazama pembeni.

574.

"Tano na saba, kumi na mbili. Na nne, kumi na sita. Haigawanyiki. Nenda naye nyumbani, baba."

Kabla halijabanwa, Lomayani analichukua tena lile bati. Kidole gumba kinatua juu ya saba iliyo katikati, kinakaa hapo. Utukufu kwa Mungu, aliyezipanga namba kabla mtu hajajifunza kuzisoma.

Lukresia ameomba nafasi katika darasa la watu wazima, Karatu. Mwakani namba za mabati zitavuka elfu moja, ziwe za tarakimu nne.

"Tisa itabaki vilevile, moja katika tisa," anasema akifuta koleo. "Saba ndiyo itazidi. Nataka niijue hesabu yote kabla ng'ombe hawajafika."