Mamba wa Mto Wetu Alikuwa na Mdomo Mwembamba

Dada yangu mkubwa alifukuzwa kijijini kwetu, Kongo, kwa sababu mtoto wa jirani alipotea mtoni akiwa naye. Alisema kachukuliwa na mamba. Watu wakasema mto wetu wa msituni haujawahi kuwa na mamba. Mchawi ni yeye. Akahamia ng'ambo ya mto, peke yake, akazeekea huko.

Mimi niko Scarborough, ughaibuni. Mwaka huu dada alianza kuumwa, akataka akifa azikwe karibu na mama. Wazee wa ukoo wakakataa.

Mjukuu wangu alikuwa chuo kikuu. Akaniambia mwalimu wake anachunguza daftari za zamani za mapadri, kuhakikisha mito ipi ya msituni ilikuwa na mamba. Mto wetu umo, ila umewekewa alama ya shaka.

"Mlete," nikasema.

Akaja. Sikumpa hata nafasi ya kuvua koti. Nikamweleza kwamba nilipokuwa msichana baba alinasa mamba wavuni, tukamla na majirani. Hao hao walikuwepo dada akifukuzwa, wakanyamaza. Sikusoma sana, lakini nilichokula nakijua.

Akaweka picha mbili mezani. "Yupi, Bibi?" mjukuu akatafsiri.

Mmoja mdomo mpana, mwingine mwembamba kama mchi. Nikaweka kidole kwenye mwembamba. Mwalimu akafurahi, akaandika.

"Sasa anipe barua ya kuwapelekea wazee," nikasema. "Aandike kwamba mamba huyo hula watu."

Wakazungumza Kiingereza chao.

"Bibi, huyo anakula samaki. Watu hawagusi."

"Muulize tena."

"Nimemuuliza mara mbili."

"Basi mwambie nimekosea. Ni yule wa mdomo mpana."

"Bibi, mimi ulinichapa kwa kusema uongo."

"Nilikuchapa, ndiyo. Mwambie."

Hakumwambia.

Kesho yake asubuhi dada akapiga simu. Sauti ilikuwa imekwisha. "Wamesemaje hao wa chuo?"

"Wamekubali mamba walikuwepo."

Akamshukuru Mungu. Ningeishia hapo. Lakini nikamuuliza, "Dada, yule uliyemwona, mdomo wake ulikuwaje?"

Nilitaka aseme mpana, tupate la kuandika. Ndivyo ninavyojiambia.

"Kumbe na wewe pia huniamini," akasema, akakata.

Nimempigia tena na tena. Inaita tu.