Mkato Usiosimama

Kioo hakikatwi kama mbao. Fundi hukikwaruza mstari mmoja kwa kigurudumu kidogo cha chuma, kisha hukivunja palepale kwenye mkwaruzo. Mkono ukisita njiani, kioo hupasuka kinakotaka chenyewe. Fundi Mstari aliyajua hayo tangu ujanani, na unyoofu wa mikato yake ndio uliompa jina.

Nje ya karakana jina hilo lilikuwa kichekesho. "Mstari kwenye kioo tu," fundi viatu wa jirani alimtania kila alipomwona akitoka kilabuni. "Ukitembea, unakuwa mwandiko wa daktari."

Karakana ni ya dada yake mkubwa. Dada hupokea wateja, hupima na kuunda fremu. Kukata ni kazi ya Mstari. Siku mteja alipoziba pua asubuhi mbele ya meza kwa harufu ya pombe, Dada alimkalisha Mstari kitako.

"Mdogo wangu, nimechoka kukufunika. Ukiharibu tena, meza hii nampa mtu mwingine."

Mtu huyo hakuwa wa kutishia tu. Alishapita kuitazama meza.

Mstari akaacha pombe. Akaanza pia kwenda kwenye darasa la utulivu, katika chumba cha nyuma cha zahanati, ambako muuguzi mstaafu huwafundisha walevi kukaa kimya, kupumua na kuitazama kiu ikija bila kuifuata. Alikwenda kwa sababu Dada alitaka, na akaendelea kwa sababu jioni hakuwa tena na pa kwenda. Hakulipenda.

"Kichwa changu ni soko," alimwambia muuguzi. "Pombe ilikuwa inafunga milango. Wewe unanipa kiti cha mbele niwasikilize wauzaji."

"Wasikilize," muuguzi akasema. "Usinunue."

Wenzake wakacheka. Yeye alinuna mpaka nyumbani.

Kisha ikaja kazi ya saluni: kioo cha ukutani cha kujitazamia, kirefu kuliko mtu. Dada alikuwa amenunua viwili, kimoja cha akiba. Kioo cha namna hiyo hukatwa uso ukiwa juu, kwa hiyo fundi hujiona akifanya kazi. Mstari alichovya kikatio kwenye mafuta ya taa, akalaza rula, akaanza. Katikati ya safari alikutana na macho yake mwenyewe, na jasho juu ya mdomo, na kiu ikampanda ghafla. Akafanya alivyofundishwa. Akasimama. Akavuta pumzi, akaitazama kiu, na kweli ikapita. Akaendelea.

Alipokivunja, ufa ulifuata mstari hadi pale aliposimama, kisha ukakata kona.

Dada alikuja mbio, akamnusa mdomo.

"Chai," alisema, kama mtu aliyenyimwa haki yake. "Bora ungenuka. Ningejua nakasirikia nini."

"Nilisimama kupumua."

"Katikati ya mkato?"

"Tumeambiwa kiu ikija tusimame."

"Fundi mzima! Hukuweza kupumua kabla?"

"Nilipokuwa nakunywa sikuwa navunja, Dada."

"Ulikuwa unavunja. Vipande nilifagia mimi, wewe ukiwa umelala."

Mstari alivua aproni. Kilabu kilikuwa nyuma ya kona, na wakati huo kilikuwa wazi. Alisimama mlangoni mwa karakana akiwa na hasira na muuguzi, na Dada, na kioo, na zaidi na hiyo habari ya ufagio, maana alijua ni kweli. Kisha akarudi, akakilaza kioo cha akiba mezani.

Safari hii alipumua kabla ya kugusa rula. Alipumua mpaka akakereka. Kiu haikuondoka, naye akaona akiisubiri watalala hapo. Akaanza nayo hivyohivyo. Uso wake ulipita chini ya rula, mdomo, jicho, sikio, naye akasikiliza kigurudumu tu, sauti nyembamba kama kitambaa kinachochanwa. Hakusimama. Kioo kikaachana vipande viwili, ukingo umenyooka.

Zamani hapa ndipo angetoka kwenda kujipongeza. Sasa mikono ilining'inia tu, haina pa kwenda.

"Kimekaa sawa?" Dada akauliza.

"Kimekaa. Lakini kiu iko palepale."

"Sikukuuliza kiu." Akamkabidhi ufagio. "Leo vipande fagia mwenyewe. Kesho tuna madirisha."