Mshika Manila

Fomu Tuu sekondari nilikuwaga mtoro wa kutisha. Wenzangu walipofundishwa kusoma grafu, mie nilikuwa Tandika nacheza singeli. Chuoni nikapata ujanja: kundi letu likienda mbele kueleza kazi, mie nawahi kushika manila, lile karatasi kubwa lenye mchoro, uso nauficha nyuma yake, wenzangu wanaongea.

Siku hiyo mwalimu akasema, “Leo ataeleza aliyeshika.”

Nikaigeuza manila, nikaikodolea macho grafu. Maksi zilikuwa za kundi zima. Nikifeli, tunarudia somo wote wanne.

“Huu mstari unapanda,” nikasema.

“Unaonyesha nini, kijana?”

“Unaonyesha… kupanda.”

Darasa likacheka. Kundi langu halikucheka. Sista mmoja wa kundini, mama wa watoto wawili mwenye genge lake la mboga, alinikazia macho kama nimemwibia nyanya.

“Mrudi Ijumaa,” mwalimu akasema. “Na ataeleza huyuhuyu.”

Nje nilisubiri kutukanwa. Sista akasema tu, “Mdogo wangu, kesho alfajiri uje gengeni. Bei za nyanya za wiki nzima utazichora wewe, mpaka huo mstari uongee.”

Nilifika kabla hajafungua. Sekondari hata mlinzi hajawahi kuniona mapema vile.