Buti Lililogoma Kuachia

Kofi la kwanza nilipigwa kwa sababu ya namba sita. La pili, kwa sababu nililicheka la kwanza.

Mimi na kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu Uvira, Kongo, tunamwita yaya, tulikuwa mafundi viatu katikati ya Durban, chumba kimoja kati ya saluni na duka la simu. Yaya alikuwa na jina: soli aliyoishona yeye haibanduki. Wapagazi wa soko la Warwick walipita mafundi kumi njiani wakimfuata yeye. Ndipo mteja wetu wa siku nyingi, mwalimu mmoja mzungu, akatuletea mabuti yake pamoja na skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Kila baridi ikiingia hupanda nazo milima ya Lesotho kwa miguu, kisha hushuka akiteleza. Alitaka tumfungie vifungio vya kushikia buti, na alileta aina mbili tumchagulie.

Aina moja ilikuwa nyepesi, pini mbili tu zinazouma ncha ya buti. Nyingine ilikuwa nzito kama pasi ya mkaa, yenye fremu inayonyanyuka pamoja na kisigino. Kwa kupanda, ile nyepesi haina mshindani. Lakini mwalimu alikunja suruali akatuonyesha goti lenye mshono mrefu. "Likikatika tena, sitatembea," alisema. Nikachagua ile nzito, kwa sababu mtu akianguka inaachia buti mbele na nyuma. Akatuandikia kwenye karatasi: sita. Hicho ndicho kipimo cha kukaza. Ukizidisha sana, mguu unanaswa.

Kutoboa tulitoboa vizuri, tumezungushia keekee utepe ili isipenye upande wa pili. Nikatoka kununua gundi. Kurudi, namkuta yaya amekaza skrubu hadi kumi.

"Yaya, jamaa alisema sita!"

"Sita inalegea. Nimeigonga na nyundo, buti ikatoka. Iko fundi gani anatengeneza kiatu ya kutoka mguuni?"

"Kazi yake ndiyo hiyo, kutoka!"

"Unanifundisha miye kazi? Miye niliyekulisha?"

Hapo ndipo makofi yalipoanza. Nilimkamata ukosi, akanibamiza kwenye cherehani, mdomo ukapasuka. Dada wa saluni akapiga kelele, "Eish, mtauana kwa viatu!" Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na bado napigwa mbele za watu kama mtoto aliyemwaga maziwa. Niliona giza kwa hasira.

Nikachukua skii moja nikaibana sakafuni, chini ya miguu ya meza. Nikavaa buti la mwalimu, nikakanyaga mpaka kifungio kikalia "ta!" Damu ilikuwa inanichuruzika kidevuni.

"Nisukume," nikamwambia. "Kama una uhakika na kumi yako, nisukume."

Nilidhani ataogopa. Thubutu! Alinijia kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, akanisukuma begani. Mwili wangu ukageuka, mguu ukabaki pale pale. Goti likalia ndani, nikalisikia kabla sijasikia maumivu. Nililia nikimwita mama yetu. Yaya alihangaika na kile kifungio, hajui kinafunguliwaje, mpaka akachukua bisibisi akalegeza skrubu huku akisema, "Nisamehe Mungu, nisamehe Mungu." Alimwomba Mungu, si mimi.

Mwalimu alikuja Jumamosi. Skrubu zote nne zilikuwa zimerudishwa kwenye sita. Mimi nilikuwa kwenye kiti, mguu umefungwa bamba toka pajani hadi kifundoni. Nikamwona yaya anatafuta uongo wa kusema: nimegongwa na taksi, nimeanguka kwenye ngazi, chochote.

"Mmevijaribu?" mwalimu akauliza.

Yaya akamkabidhi mbao zake bila kuniangalia. "Ndiyo," akasema. "Nimejaribu kwa mguu wa mdogo wangu. Nimemvunja."