Kona ya Jaruba na Fomula Niliyoisahau

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kama vile umande wa kijijini kwetu Dongobesh bado uko miguuni mwangu. Nilikuwa kidato cha nne, na kiburi changu kilikuwa kirefu kuliko suruali yangu. Mwalimu wa hesabu alikuwa ubaoni akituthibitishia fomula ya milinganyo ya kipeo cha pili, hatua kwa hatua. Nikanyoosha mkono nikamwuliza kama uthibitisho huo hutoka kwenye mtihani. Akanijibu kwa ukweli kwamba ni mara chache. Basi nikafunga daftari, darasa zima likacheka, nami nikajiona profesa. Fomula nilikuwa nimeikariri. Ya nini tena kujua ilikotoka?

Kwenye mtihani wa majaribio fomula ikanitoroka. Kilichokaririwa huondoka bila kuaga. Nikapata alama ambazo hata leo sizitaji, na chuo cha umwagiliaji nilichokitamani hakikuwa kikipokea aliyefeli hesabu.

Jumamosi iliyofuata mama akanituma kupanua jaruba la kitunguu saumu. Lilikuwa mraba, niongeze hatua mbili mashariki na hatua mbili kusini. Nikalima vipande vyote viwili, nikaegemea jembe. Mama, ambaye hakuwahi kukalia dawati, akaja kukagua.

"Msomi wangu, hiyo kona umemwachia fuko?"

Nikamwambia pande zote mbili nimemaliza.

"Pande umemaliza. Jaruba bado."

Nikatazama. Kweli, kati ya kipande cha mashariki na cha kusini kulibaki kimraba kidogo na nyasi zake. Nikaukumbuka ubao wa darasani. Hicho ndicho mwalimu alichokuwa akikiongeza katika uthibitisho ule ili mraba ukamilike. Nikacheka peke yangu mpaka mama akauliza kama jua limenipiga. Nikakaa kwenye tuta, nikachora kwa kijiti, nikaipata fomula nzima bila daftari.

Mtihani wa taifa haukuuliza uthibitisho hata mmoja. Ila fomula ilinitoroka tena, na safari hii nilichora jaruba la mama pembeni mwa karatasi, nikaiunda upya. Nikafaulu. Leo nina stashahada ya umwagiliaji, niliyoipata kwa jasho langu bila mjomba wa kunishika mkono. Nimerudi nyumbani, na mfereji unaofikisha maji mashamba ya chini nimeupima mimi. Najisifu? Ndiyo, najisifu, nimestahili.

Kwa hiyo, mwanangu, usiulize kwanza kama uthibitisho utatoka kwenye mtihani. Huenda usitoke. Jifunze hata hivyo, maana ukiona vyaelea, vimeundwa, na anayejua kuunda hata akipoteza hutengeneza kingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: muulize mwalimu wako kwa nini, na akichoka, mpe shikamoo kesho yake umuulize tena.

Mungu akupe akili tulivu na mkono usiotetemeka. Ufaulu, upite hata hapa nilipofika mimi, ingawa ni mbali, na watu wa kwenu wakuchinjie mbuzi kwa furaha.