Chupa ya Sake Niliyoipeleka Msibani

Nikisimulia hili najikuta natazama sakafu, maana aibu yake haijaisha, lakini heri mlisikie kwangu kuliko kwa watu wa Scarborough ambao kila mmoja analiongezea chumvi yake.

Mnanijua mimi na makorokoro. Nimehama miji mingi mno, Tanga, Mombasa, Durban, sasa hapa Scarborough, Toronto, na kila mahali nimeacha vitu, basi uzeeni (eti uzeeni, nina arobaini na sita) nikaanza kukusanya tokkuri, zile chupa za kauri ambazo Wajapani humiminia sake, pombe yao ya mchele. Mimi mwenyewe sinywi. Napenda tu kushika kitu kilichowahi kuwa na kwao. Ninazo kumi na moja juu ya friji, na iliyo kubwa kuliko zote ina maandishi meusi ya mkono ubavuni, nayo ndiyo iliyoniponza.

Rafiki yangu Charles alifariki mwezi wa pili. Sisi wa karibu tulijua ni pombe, ini lilikwisha. Mama yake aliyeko Singida, mlokole wa kutupwa, aliambiwa ni presha. Asubuhi ya ibada mjane wake, Neema, alituita jikoni: "Jamani, mama anatuangalia kwenye simu mwanzo mwisho. Habari za pombe zisitajwe. Nawaomba." Tukaitikia, na nadhani sauti yangu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Sasa kosa. Kule ukumbini, chini ya jengo lao, maua yalikuwa yamewekwa mbele ya picha ya marehemu kwenye ndoo iliyowahi kuwa ya mayonezi, nikaona hapana, Charles hastahili ndoo, nikapanda basi hadi kwangu, nikarudi na ile tokkuri kubwa, nikachomeka mawaridi matatu. Ilipendeza kweli.

Mchungaji naye akaipenda. Katikati ya ibada akasema, "Nani ametuletea chombo hiki kizuri? Asimame atuambie neno." Nikapewa maikrofoni. Ningesema asanteni nikakaa. Lakini mkusanyaji akiulizwa kitu chake hana breki, nikaeleza kwamba ina miaka zaidi ya mia, kwamba maandishi yale ni jina la duka, kwamba mteja aliazimwa chupa akaenda nayo nyumbani, ikiisha anairudisha ijazwe tena, na watu wananisikiliza vizuri, na machozi yananilengalenga kwa kumkumbuka rafiki yangu, nikamalizia, "Charles alipoiona alicheka, akaniambia, Festo, hii ndiyo saizi yangu, niazime na mimi."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akajikatiza. Kwenye simu iliyoegeshwa kiti cha mbele ikatoka sauti ya mama: "Saizi yake ya nini? Ijazwe nini?"

"Maji, mama!" nikaropoka.

"Huko mnaazimana chupa za maji dukani?"

Neema akasimama. Hakupiga kelele. Akang'oa mawaridi, akayalaza mezani, akanikabidhi chupa na maji yake ndani.

"Shemeji, hata leo umemletea?"

Nilipita katikati ya viti vyote vile nimeikumbatia, maji yananimwagikia suruali, nikasimama kituoni kwenye theluji dakika ishirini nikiwa nimelowa kama mtoto aliyejikojolea.

Wiki mbili baadaye mama alinipigia. "Festo mwanangu, wenzako wananificha. Alikuwa anakunywa?"

Nilitafuta uongo mwingine, sikuupata. "Ndiyo, mama."

Akasema, "Ndiyo maana alikuwa ananipigia asubuhi ya huko tu, jioni hata mara moja." Akakata.

Neema hajajibu ujumbe wangu hata mmoja, na simlaumu. Tokkuri bado nakusanya, sitawadanganya, lakini msiba wowote nitakaokwenda, wakinipa maikrofoni, nasema poleni, nairudisha, nakaa.