Mashua Iliyotia Nanga Kamalondo

Kavugho wa mtaa wa Hewa Bora aliishi na hasira jinsi wengine wanavyoishi na kisukari: alijua inapanda saa ngapi, inapandishwa na nini, na hakuona haya kuitaja mbele ya wageni. Alifika Lubumbashi kutoka Butembo akiwa msichana, akaanza na magunia ya maharagwe, akaendelea hadi malori, na mwisho, kinyume cha ushauri wa kila mwenye akili, akanunua mashua ya mbao yenye injini, ya kubeba mizigo Ziwa Tanganyika. Hakujua kuogelea. Alisema hajui kuruka pia, na bado anapanda ndege.

Mwaka ule miji ya kaskazini mwa ziwa ilianguka mmoja baada ya mwingine. Kila jioni redio ilitangaza kwamba hali imedhibitiwa, na kila asubuhi ilitaja jina la mji mwingine ambako hali imedhibitiwa. Watu wa Lubumbashi walijifunza jiografia ya nchi yao kwa njia hiyo.

Huko kaskazini, Uvira, aliishi mdogo wake Benita pamoja na mama yao mzee. Kavugho alimtuma nahodha wake, Mulenga, akawatoe. Mulenga aliwapakia wao na majirani waliowahi kuruka ndani, akashuka kusini. Njiani watu wa mtumbwi wakamwonya kwamba mbele kuna askari wanaochukua vijana na kila kitu kinachoelea. Basi akawashusha abiria wote katika kighuba kisicho na kijiji, akabonyeza alama kwenye GPS ya mashua ili asipapoteze, akaahidi kurudi, na kwenda Kalemie kutafuta mafuta.

Kalemie askari waliichukua mashua kwa ajili ya taifa. Mulenga walimchukua kwa kuwa alikuwa ndani yake. Kitu kimoja tu aliwahi kufanya: aliing'oa ile GPS kwa kisu na kumrushia Jérémie, binamu yake Kavugho, aliyesimama gatini.

"Alama ya mwisho!" alipiga kelele. "Bako pale!"

Jérémie alikuwa na sifa nyingi, kudaka haikuwamo. GPS ilianguka kwenye saruji, kioo kikafa. Kifaa chenyewe kilibaki hai: ukikigusa kitufe kinasema "pip", kama mgonjwa anayeitika lakini hafumbui macho. Jérémie alikuwa na mashua yake tayari, na mafuta ya kwenda na kurudi, si ya kutangatanga, maana pwani ile imekatwakatwa vighuba kama meno ya msumeno. Alihitaji namba mbili tu za mahali pale. Kalemie hakupata wa kuzitoa. Akakifunga kifaa na waya wake ndani ya kitambaa na kukituma kwa ndege kwa Kavugho, Lubumbashi.

Pale uwanja wa ndege wa Luano mtu wa ofisi alikifungua mbele ya Kavugho.

"Mama, hii kitu ni ya nini?"

"Ya mashua."

"Na mashua iko wapi?"

"Iko mu maji. Njo maana haikukuya mu avion."

"Na karatasi yake?"

"Karatasi ilibakia na bale benye kukamata mashua. Wende ukabaombe."

Mtu wa ofisi alipima umbali wa kwenda kuwaomba, akamwachia.

Kavugho alikwenda moja kwa moja mtaa wa Kamalondo, katikati ya jiji, kwa Zéphirin, mtoto wa Wakasai, mwenye diploma ya informatiki ndani ya fremu na chumba kilichobanwa kati ya fundi cherehani na baa. Mlangoni alimpangisha meza Godefroid, fundi wa simu. Zéphirin aliuangalia waya wa GPS. Mwisho wake ulikuwa na kichwa kipana chenye matundu tisa. Kisha akaigeuza laptop yake, mpya, nyembamba kama kaki ya komunyo, akaizungusha tena.

"Tundu yake iko wapi?" Kavugho aliuliza.

"Haina tena, Mama. Port série, ba-ordinateur ya sasa habaweke tena. Baliitosha, baliiondoa kabisa."

"Nani alibatuma baitoshe?"

"Ni progrès, Mama."

"Progrès." Alilirudia neno lile kama anayeonja mchuzi wa jirani. "Mama yangu iko anakaa ku majiwe, dawa ya tension, ya presha, inaisha, na weye unanielezea progrès. Sasa hii laptop yako, kitu inaingiaka wapi?"

Zéphirin, ambaye hakuwa mtu mbaya, alieleza kwamba kuna kiungo kidogo, upande mmoja kina pini tisa, upande mwingine kinaingia USB. Wenye nacho ni wapima ardhi wa migodini, kwa vyombo vyao vya zamani. Kavugho alikuwa ameshasimama.

"Twende."

GPS ikabaki mezani kwa Godefroid. "Uichunge sawa mutoto wako," Kavugho alimwambia. Godefroid akaapa kwa mama yake.

Mpima ardhi waliyempata alikuwa wa mgodi uliofungwa, na alikitunza kile kiungo pamoja na kofia yake ya kazi, kwa matumaini yaleyale. Aliwaazima. Programu ya kukifanya kitambulike ilikuwa kwenye CD. Laptop ya Zéphirin, bila shaka, haikuwa na mahali pa CD pia. Kavugho aliiangalia laptop ile jinsi mtu anavyomwangalia mkwe aliyekuja mikono mitupu. Wakapakua programu kwa simu. Katikati, umeme ukakatika mtaa mzima. Wakaomba jenereta ya baa, na mwenye baa akakubali kwa sharti kwamba muziki usizimwe.

Ndivyo ilivyotokea kwamba hatimaye, katikati ya rumba, na wanywaji wakiwa wamejipanga dirishani, laptop ilikubali kuzungumza na GPS. Ramani ikafunguka. Nukta nyekundu ikatokea.

"Bateau iko wapi?" aliuliza mlevi mmoja.

Zéphirin alikohoa. "Iko hapa. Kamalondo."

Dirisha zima likacheka. "Eh maman! Port ya Kamalondo! Tushushe ba-marchandises!"

"Munyamaze!" Kavugho alisema, na hata rumba ilionekana kupunguza sauti. "Zéphirin. Mi najua kama tuko Kamalondo. Sikulipa avion ya mashini juu iniambie kama niko Kamalondo."

"Inasema kwenye iko sasa, Mama. Kwenye ilipita, njo tunaiuliza." Akaiuliza. Laptop ikafikiri, ikajibu: alama, sifuri. Akaiuliza tena kwa adabu zaidi. Sifuri.

"Haiwezekane," Zéphirin alisema polepole. "Haina hata moja. Sawa yenye kutoka mu carton."

"Ah, ile?" Godefroid aligeuka kwenye kiti chake, uso unang'aa. "Nilii-formater."

"Ulifanya nini?"

"Nilii-formater, Mama, wakati mulienda. Hata bila kioo. Unafinya ba-bouton mbili, unawasha, inalia mulio mulefu, bas. Iko propre sasa, safi. Na siombi kitu."

Kwa haki lazima isemwe kwamba Godefroid hakuwa mpumbavu. Mezani kwake hakikuwahi kufika kitu ambacho hakikuwa cha mtu mwingine kwanza. Katika biashara ile, adabu ni kumfuta mwenyewe wa kwanza kabla ya kumuuliza wa pili ana shida gani. Alikuwa amefuta harusi, mazishi na watoto wengi wachanga, na hajawahi kulalamikiwa, kwa sababu waliostahili kulalamika walikuwa bado wanatafuta simu zao.

Kavugho hakupiga kelele. Waliomjua walianza kusogeza viti. Alichomoa waya, akakiviringisha kifaa ndani ya kitambaa chake, akampigia Jérémie.

"Namba haiko. Toka vile vile."

"Yaya, dada yangu, mafuta haitaenea. Vighuba biko mingi."

"Basi anza na ya kwanza. Mafuta ikiisha, mupige kasia."

Mafuta yaliisha. Walipita pwani nzima na injini ikinguruma, wakiangalia, wasione kitu. Na wakati wa kurudi injini ilipokata, wakashika kasia, wakimlaani Kavugho kwa pumzi iliyobaki. Ziwa likawa kimya. Na katika ukimya ule Jérémie akasikia, kutoka nyuma ya mawe, sauti aliyoijua, kwa maana hasira ile ni ya ukoo.

"Bajinga nyinyi!" Benita alikuwa amesimama majini hadi kiunoni. "Jana mulipita hapa na motere yenu, tunaita, tunapunga ma-chemise, nyinyi munaangalia maji sawa ba-touriste!"

Watu wote walikuwepo, isipokuwa mama yao. Dawa zilikuwa zimekwisha. Walimzika palipoinuka kidogo juu ya mawe, wakichimba kwa sahani. Benita akataja ilikuwa siku gani. Ilikuwa siku ile mashua ilipotia nanga Kamalondo.

Mulenga hajarudi hadi leo. Taifa bado linamtumia.

Baadaye Kavugho alirudi kwa Zéphirin na kifaa ndani ya kitambaa, na namba mbili ambazo Jérémie alizichukua kaburini kwa simu yake. Aliagiza ziingizwe. Zéphirin aliunganisha waya, kiungo, laptop, akaandika.

"Jina ya alama, Mama? Inakubali herufi kidogo tu."

"Andika MAMA."

Godefroid akainuka nusu kwenye kiti, ashike, asaidie.

"Weye," Kavugho alisema bila kugeuka, "mikono weka mu mifuko."

Akaiweka. Kifaa kikasema pip.